Kisu Kilichomwaga Pombe ya Ukweni

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka nimechoka. Mwalimu mzima wa hisabati, kalamu tatu mfukoni, nilijitia uhunzi kwa kutazama video nne kwenye simu, tena mbili sikuzimaliza kwa sababu bando liliisha.

Chanzo ni maneno. Baba yake Evodia, binti niliyempenda kupita kiasi, alisikika huko kwao Mugoma akisema walimu hawana mikono, wanajua chaki tu. Nikaapa kwamba siku ya kwenda kupokea jibu la posa nitakwenda na kisu nilichotengeneza mwenyewe. (Ungeniuliza posa inahusiana nini na kisu, ningekuona mjinga.)

Basi nikaokota kipande cha springi ya gari, nikakipiga nyundo, nikakisugua kwa tupa wiki mbili nzima mpaka kikafanana na kisu ukikitazama kwa mbali, nikakichoma kwenye mkaa huku napuliza kwa pampu ya baiskeli, kilipokuwa chekundu nikakitumbukiza kwenye mawese, moto ukaruka ukaninyoa nyusi (ya kushoto haijarudi vizuri mpaka leo). Nikajaribu tupa tena: inateleza tu, haiumi. Nikajiona fundi.

Nikaenda kumringishia Masanja, mhunzi wa majembe hapa kwetu Nyantakara. Akakigonga kwa ukucha, akakisikiliza.

"Mwalimu, hiki bado. Ni kigumu, lakini kitavunjika kama glasi. Kirudishe kwenye moto mdogo kilegee kidogo."

Kilegee! Nimekifanya kigumu kwa jasho langu, halafu nikilegeze? Nikamjibu kwa dharau zote za mtu mwenye cheti, "Masanja, wewe endelea na majembe yako." Akarudi kwenye mvukuto wake. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Siku ikafika. Mnajua mwoaji akiwa ukweni kazi yake ni kukaa kimya na kutazama viatu vyake, anayesema ni mshenga, na mshenga wangu alikuwa baba mdogo. Wazee wameuzunguka mtungi wa pombe ya ndizi, mirija imo ndani, wanasubiri nyama ndipo waanze. Ilipoletwa paja la mbuzi, nikasimama. Baba mdogo akanivuta koti. "Kaa chini wewe!" Sikukaa.

"Shikamoo tena, baba. Naomba nikate mimi, kwa kisu nilichokitengeneza kwa mikono hii." Neno mikono nikalivuta kweli kweli.

"Marahaba. Kata tukuone," baba yake Evodia akajibu.

Nikakiinua juu, nikaupiga mfupa. Ta! Nikabaki na mpini na kichuma kifupi kama kidole gumba. Kilichobaki kimeruka, hakuna aliyeona kilikokwenda. Mjomba mmoja wa Evodia (yule mjuaji ambaye kila ukoo unaye) akanyoosha kidole: "Kimeingia mtungini, nimekisikia!"

Wazee wakachomoa mirija yao, mmoja baada ya mwingine. Nani anywe pombe yenye chuma? Mtungi ukabebwa, ukamwagwa wote kwenye migomba, na bibi yake Evodia, aliyeihangaikia pombe hiyo siku kadhaa, amesimama anatazama. Wakapapasa chini ya migomba: hakuna kitu. Baba mdogo ndiye aliyekiona, kimechomeka kwenye mguu wa benchi letu wenyewe.

"Kwa hiyo tumeimwaga bure?" bibi akauliza.

Evodia alikuwa mlangoni, amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatetemeka. Nikajua nimempoteza. Iliniuma, sitaki kudanganya.

Baba yake akafuta mdomo mkavu. "Jibu tungelitoa baada ya kunywa," alisema. "Hatujanywa." Tukaondoka hivyo hivyo.

Tulirudi mwezi uliofuata na mtungi wetu, tena mkubwa kuliko ule, na safari hii nilikalia mikono yangu mpaka ikafa ganzi. Nilipewa Evodia. (Anasema siku ile alikuwa anacheka. Sijui kipi kibaya zaidi.) Masanja nilimwomba radhi, chuma sigusi tena, na nikiambiwa bado, nasubiri.

Lakini ukweni hawasahau. Mpaka leo nyama yangu inaletwa imeshakatwa vipande vidogo vidogo, na kijiko juu yake. Nasema asante, nakula.