Ngome ya Yaya Ngoy, Mulopwe wa Nyuma ya Reli

Sababu ya safari yangu ilikuja kwa simu. Watoto wa kaka yangu mkubwa, walioko Lubumbashi, walinipigia wakiwa wamechanganyikiwa: baba yao, Yaya Ngoy, kama tunavyowaita kaka wakubwa, mstaafu wa reli pale Kamina, amejitangaza mulopwe, yaani mfalme, na tangu hapo hakuna anayeruhusiwa kumwona akila. Mkewe Régine alifariki msimu wa mvua uliopita, na majirani walisema anazidi kukonda. "Tantine, wende utuangalilie kama anakulaka," waliniomba. Mimi ni dada yake mdogo, nauza samaki hapa Bukama, na katika ukoo mzima ananiogopa kidogo mimi tu. Nikafunga kifurushi cha samaki wakavu.

Kituo cha Bukama. Treni ilitangazwa kuja asubuhi. Haikutajwa asubuhi ya siku gani. Nililalia kifurushi changu ili samaki wasisafiri bila mimi. Ilipokuja, nilipanda, nikawaambia wenzangu wa benchi kwamba naenda kwa kaka yangu mfalme, nao wakasogea, wakaniachia nafasi ya kunyoosha miguu. Hiyo ndiyo faida ya kwanza niliyoipata ikulu, na nilikuwa bado sijafika.

Kamina, jua likiwa limepanda. Nilimwita kijana wa moto, yaani wa pikipiki, nikamwambia nipeleke kwa Mulopwe Ngoy, nikitegemea atacheka. Hakucheka hata kidogo. "Ah, kwa château! Panda, mama," alisema, akawasha pikipiki.

Sasa sikilizeni, ninyi mtakaotaka kuitembelea château hiyo, yaani ngome. Ni mabehewa mawili ya mizigo yasiyo na magurudumu, yaliyounganishwa nyuma ya reli. Juu yake kuna tangi la maji lililotoboka, nalo ndilo mnara. Mnara hauna ngazi, kwa hiyo mfalme mwenyewe hajawahi kuupanda. Lango ni chaga ya kitanda cha chuma. Ufalme unapakana na reli upande mmoja na mihogo ya jirani upande mwingine, na jeshi lake ni mabata, wanene ajabu, wanaouma vifundo vya wageni bila kuuliza wametoka wapi.

Langoni nilipokewa na huyo jirani mwenye mihogo, Mama Odia, mke wa mfanyakazi wa reli, ambaye babu zake walitoka mbali, Kasaï. Ndiye anayempikia mfalme kila siku. Ndiye pia aliyenifundisha mimi, Muluba wa kuzaliwa, namna ya kumsalimia mulopwe wa Kiluba.

"Unapiga magoti, unapiga makofi, kisha unajipakaa pemba ku kifua," alisema.

"Na pemba, ile chokaa nyeupe, iko wapi?"

"Ilishaisha. Tunatumikisha bunga ya muhogo."

Nikapiga magoti, nikajipaka unga, nikafanana na mtu aliyeanguka kinuni. Mfalme akatoka amevaa kofia yake ya zamani ya reli na tai nyekundu.

"Mudogo yangu! Karibu mu bulopwe, mu ufalme yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, lakini kicheko kilinikwama. Suruali yake ilifungwa kwa kamba, na shingo ilikuwa imebaki mishipa mitupu. 

Saa za kula, Mama Odia alileta bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo, nami nikaongeza samaki wangu bora. Mfalme alichukua sahani, akaingia nayo nyuma ya pazia. Wafalme wetu wa zamani walikula hivyo, wamejificha, na hilo kila Muluba analijua.

"Mulopwe anakulaka peke yake," alisema akilifunga pazia. "Sheria ni sheria."

Mama Odia alininong'oneza: "Usihangaike. Kila siku sahani inarudia tupu. Anamalizaka yote."

Hapo hapo jeshi zima likakimbia kuzunguka behewa, mbio za harusi kabisa. Nikalifuata. Nyuma kulikuwa na dirisha dogo, na mkono wa mfalme ulikuwa unadondosha bukari tonge kwa tonge. Nikaona na samaki wangu wa Bukama akimezwa na bata! Nakiri kwamba kwanza nilikasirika kwa ajili ya samaki. Kisha nikaelewa ni nani anayemaliza sahani ya mfalme kila siku.

Niliingia, nikafungua pazia bila kupiga makofi.

"Unavunja sheria," alisema. Hakugeuka.

"Yaya, juu ya nini haukule?"

Alidondosha tonge lingine dirishani. Kisha akasema, "Miye na Régine tulikulaka mu sahani moja. Toka tuoane. Mukono yake huku, yangu huku. Sasa nikitia mukono mu bukari, ya kwake haiko. Ninairudisha tupu."

"Na bulopwe?"

"Mulopwe, hakuna mwenye kumuuliza juu ya nini anakula peke yake."

Nililia, sioni aibu kusema. Kisha nikanawa, nikavuta kigoda, nikatia mkono wangu katika sahani yake, upande wa pili. Alinitazama kama mtu anayetaka kuniitia askari wake. Nikala tonge la kwanza, la pili, nikaenda kwenye samaki.

"Acha kichwa," alisema ghafla. "Kichwa ya samaki njo yangu."

Akatia mkono. Alitafuna polepole, machozi yakimtiririka hadi kwenye tai, lakini alitafuna, akameza.

Siku ya kurudi kwangu, mfalme alitoa amri mpya mbele ya lango: Mama Odia na mume wake ni mawaziri, na mawaziri lazima waje na viti vyao saa za kula. Mama Odia aliuliza kama waziri anapewa mshahara. Akajibiwa kwamba anapewa bukari anayopika mwenyewe.

Bukama tena. Watoto wa Lubumbashi walipiga simu kabla sijashusha mzigo. Niliwaambia baba yao anakula. Wakamshukuru Mungu, wakaanza kuniaga.

"Mungoje," nikasema. "Siye wote tuliuliza kama anakula. Hakuna aliyeuliza anakula na nani. Treni ya kutoka Lubumbashi inapita Kamina. Mupande."