Ibada ya Upenuni

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Nilitoka Iringa, bibi harusi mgeni, nikaletwa ukweni kwa Wanyakyusa waliohamia Mbeya. Baba mkwe akatokea mlangoni. Sasa mimi nani nisimsalimu mzee? Nikapiga goti, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili: "Kamwene, baba!"

Mwe! Wanawake walipiga yowe utadhani nimechoma nyumba. Mzee alikimbia huku kajifunika uso. Mama mkwe akanivutia jikoni, akanieleza kwamba kwao mke wa mwana haonani na baba mkwe maisha yake yote. Wakikutana njiani, mwanamke ajitupe majanini. "Kwenu hamfundishwi?" akaniuliza. Niliona haya, na hasira pia. Kwetu asiyemsalimu mzee ndiye hakufundishwa.

Shida ikawa kanisani. Kanisa lilikuwa moja tu, na baba mkwe ni mzee wa kanisa, anakaa benchi la mbele. Wakristo wengine walishaanza kuilegeza mila hiyo, lakini baada ya fedheha yangu nani angethubutu? Kila Jumapili nikawa nasali nje, upenuni, nimewapa kisogo. Mwaka mzima, jamani! Nyimbo nazisikia, mahubiri nayapata nusunusu. Nikajifungua mtoto, naye akawa mgonjwa wa kifua, na baridi ya Mbeya haina huruma. Nilitaka kitu kimoja tu: abatizwe kabla hajanifia; lakini mama ndiye humpeleka mtoto mbele, na mbele yuko mkwe. Nikamwambia mume wangu, asipobatizwa Jumapili hii narudi Iringa na mwanangu, na usinifuate. Akachukua jembe, akaenda shamba. Kwa kukwepa maneno, yule bwana hakuwa na mpinzani.

Jumapili hiyo ikanyesha mvua kubwa. Nilisimama upenuni, mtoto mgongoni anakohoa. Kumbe kikohozi kile kilikuwa kinasikika mpaka benchi la mbele. Mara wanawake watatu wakatoka mbio, wakanizungushia shuka zao, wakaanza kunisukuma ndani.

"Twende, mama. Mkweo ametoka."

"Kaenda wapi?"

"Yuko nje, upenu wa upande wa pili. Kasema uingie wewe."

Nililia, sifichi. Walinikalisha katikati yao, mmoja akampangusa mtoto, mwingine akanivua khanga iliyolowa na kunifunga yake. Nilikuwa sijaguswa hivyo tangu niondoke kwa mama yangu.

Mchungaji alichukua maji, akauliza ni nani wa ukoo atakayesimama na mtoto huyu. Mume wangu akafungua kinywa, lakini sauti nyingine ikamtangulia, ikitokea dirishani, kule mvuani:

"Mimi hapa! Mtoto ni wetu. Na mama yake ni wetu!"

Mwanangu alibatizwa, akapona, akakua. Baba mkwe tulimzika miaka mingi baadaye, na sikumtazama tena usoni hata siku moja. Lakini nikipiga magoti kushukuru, baada ya Mungu ninaanza na yeye.