Kabichi Zangu Zisizo na Tundu

Ipo Jumamosi moja ya Julai ambayo mpaka leo nikiikumbuka, mwanangu, uso unanichoma moto. Na acha unichome, maana juzi nimekusikia kwenye simu ukimtangaza jirani wa ghorofa ya juu kwamba ndiye aliyeleta panya jengo zima. Ulimwona akiwaleta? Hebu kaa hapa. Nina hasira, na nusu ya hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Neasden, London. Nilikuwa msichana niliyeishia darasa la saba, alfajiri nasafisha maofisi, na kichwani nina hoteli: wali, maharage, kabichi ya kukaanga, Waswahili wote wa London wamepanga foleni mpaka nje. Usinicheke. Kwa ajili ya hoteli hiyo ya kichwani nikaomba alotimenti, vile vishamba vidogo ambavyo halmashauri hukodisha watu, nikapanda kabichi mistari minne.

Kishamba kilichopakana na changu kilikuwa cha Mama Hansa, Mhindi wa Kisumu, mjane wa miaka sabini hivi, sari yake kaipandisha juu ya mabuti ya mpira. Nikimwamkia shikamoo anaitika marahaba kwa sauti mpaka wazungu wanageuka. Na alikuwa na mambo yake. Kila mche wa kabichi aliuvalisha duara la zulia kuukuu alilolikata kwa mkasi, limebana shina pale linapoingia udongoni.

"Mama Hansa, kabichi zako zinaogopa baridi ya miguu?"

"Cheka tu, msichana. Zako zinatembea peku."

Basi wakaja vipepeo, wale weupe. Walimiminika kwake kila siku ya jua, na baada yao viwavi, majani yakawa kama chekeche. Dini yake haimruhusu kuua mdudu, kwa hiyo alikuwa akiwachukua mmoja mmoja kwa vidole na kuwahamishia kwenye kabichi moja iliyozeeka ya pembeni, huku akiwasemesha Kigujarati. Mimi kwangu? Hata tundu moja. Nikawa natembea kidevu juu. Nilidhani ni usafi wangu. Kweli kabisa, mwanangu, nilidhani wadudu wanaujua ubora wa mtu!

Kisha nikaingiwa na hofu: wakimaliza kwake watahamia kwangu, na hoteli yangu je? Hatua kumi tu zilinitenga na yule mama. Sikuzitembea. Nikaenda kwa katibu wa kamati ya vishamba, mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka na karatasi zake, akaniambia niandike. Nikaandika, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: jirani ni mchafu, anatandaza mazulia mabovu, anafuga viwavi. Nikatia sahihi. Katibu hakwenda kuangalia. Hakuinama, hakugusa jani. Siku chache baadaye Mama Hansa akapata barua: wiki mbili, aondoke.

Ndiyo Jumamosi hiyo sasa. Alikuja saa sita mchana, barua mkononi, na yangu imebanwa nyuma yake na pini. Nikamwamkia. Hakuitika. Aliangalia mistari yangu, nami nikaangalia kwa macho yake: kabichi zilikuwa zimelegea kama nguo zilizoloa, majani yamepiga rangi ya bluu mbaya, na udongo ulikuwa bado una maji ya jana.

"Ng'oa mche mmoja."

"Mama, mimi..."

"Ng'oa, nimesema."

Nikavuta. Mche ukaja bila ubishi wowote. Mizizi hakuna. Kisiki tu cha kahawia kinachonuka, kimejaa funza weupe wanaojinyonganyonga.

"Hawa watoto wa nzi," akasema. "Nzi anataga hapo chini ya shina. Ndiyo kazi ya kapeti, asipate pa kutaga. Wewe ukacheka. Sasa mizizi ikiliwa, jani nalo linageuka ladha. Kipepeo anaonja kwa miguu, haoni raha, anaondoka. Anaenda wapi?" Akaelekeza kidole kwenye majani yake yaliyotoboka. "Anakuja kwangu. Funza wako ndio wamenisukumia viwavi."

Fikiria, mwanangu. Funza yuko gizani, kiwavi yuko juani, hawajawahi kuonana maisha yao yote, na bado huyu anamwamulia yule pa kula. Na mimi, mwenye macho mawili, nimeishia kwenye jani!

Kisha akakunja ile barua taratibu. "Kenya nilishahamishwa na barua," akasema. "Nikajua hapa ikija nyingine, itatoka kwa mzungu. Sikujua itatoka kwa mtu wa shikamoo."

Nilikimbia na ile kabichi mpaka kwenye kibanda cha katibu, nikaibwaga mezani, funza wakamwagika juu ya karatasi zake. Nikamwambia nimesema uongo, afute. Akasukuma mche kwa ncha ya kalamu. Akasema kishamba kimeshapewa familia nyingine, mambo yamekwisha. Nilipiga kelele siku hiyo! Niliongea Kiingereza ambacho sikujua ninacho. Wapi. Uongo wangu waliuamini ndani ya dakika tano. Ukweli wangu haukupata hata kiti.

Vuli ilipofika nilimpelekea mboga nyumbani. Alifungua mlango, akapokea, akaitika marahaba kwa sauti ya chini. Hakunikaribisha chai.

Kwa hiyo nisikilize. Ukiona uharibifu kwa jirani, usikimbilie kusema yeye ndiye mwenye uchafu; huenda unaanzia kwako, mahali usipopatazama, na yeye ndiye anayebeba. Kabla hujataja jina la mtu, piga magoti uchimbue chini ya miguu yako. Kamwulize kwa mdomo wako, uso kwa uso. Karatasi usiitie sahihi ukiwa na hofu, kwa sababu kuna watu wanaoisubiri sahihi hiyo, na wakishaipata hawakurudishii.

Mungu akupe majirani wa kukuambia ukweli, na moyo wa kuwasikia mapema kuliko nilivyosikia mimi. Na milango utakayoigonga, mwanangu, ifunguliwe mpaka ndani, uketishwe, umiminiwe chai. Sasa panda juu ukamwamkie yule jirani.