Kamati ya Fahari na Meza ya Ijumaa

Ukatibu wa kikundi sikuuomba. Nilichelewa mkutano mmoja kwa sababu lifti za jumba letu la ofisi huko West Bay, Doha, hujaa asubuhi, nikafika juu nikakuta nimeshachaguliwa. Ndivyo Wakenya tunavyopata viongozi ughaibuni: asiyekuwepo hana mdomo wa kukataa.

Kampuni yenyewe ilikuwa na makao makuu Ulaya, na huko walivipenda sana vikundi vya wafanyakazi. Kulikuwa na cha wanawake, cha wazazi, cha vijana, na cha wapenzi wa jinsia moja na wenzao wa upinde wa mvua. Doha tulikuwa na kimoja tu, Kikundi cha Wafanyakazi Waafrika, nacho kusema kweli kilikuwa chama cha kawaida cha Wakenya na Waganda kilichovikwa suti. Tulichanga mtu akifiwa, tulimpokea mgeni uwanja wa ndege, na Ijumaa tulikula pamoja nyumbani kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa nesi wa zahanati ya kampuni, mama wa makamo kutoka Nyeri, na ofisi nzima ilimwita Auntie, hata mabosi. Alikaa Mesaimeer, karibu na makanisa, hivyo ibada ikiisha, maana hapa hata Wakristo husali Ijumaa, siku ya mapumziko, tulimiminikia kwake, na Waislamu wetu wakaja wakitoka msikitini. Alipika kana kwamba kuna harusi. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wahenga hao hawakuwahi kuishi Doha, mbali na kila aliyezaliwa nao. Mimi meza ile ndiyo iliyonilea hapa, na niliipenda kupita kiasi.

Ila meza ile ilikuwa na maswali. Utaolewa lini? Unangoja nini? Miaka haikungoji, unajua? Auntie hakuishia kuuliza. Alikuwa mtu wa vitendo. Kila baada ya Ijumaa mbili tatu nilimkuta kijana mpya amewekwa kiti kando yangu, amenyolewa vizuri, ananiuliza nafanya kitengo gani. Nimewahi kuketishwa kando ya mhasibu, na mwimbaji wa kwaya, na fundi wa viyoyozi aliyenieleza viyoyozi mpaka chai ikapoa. Nilicheka nao wote na kwenda zangu nyumbani.

Nyumbani ni Al Thumama, na nyumbani kulikuwa na mwenzangu. Ofisini nilimwita mwenzangu wa chumba. Ni mwanamke kama mimi, Mkenya pia, anafanya kazi ya mapokezi hotelini, ana kicheko cha kuamsha jirani, na ndiye ninayempenda. Nimeliandika sasa, na mkono haujakauka. Sheria ya hapa haina utani na watu kama sisi, na ya kwetu Kenya nayo haina huruma, kwa hiyo tulijifunza kuishi kwa kunyamaza. Yeye Ijumaa alikula peke yake. Hakuwahi kukanyaga kwa Auntie, kwa sababu tuliogopa mtu angetuona tunavyopitishiana chumvi akajua yote. Mimi nami niliogopa kwamba Auntie akijua, siku hiyohiyo nitakosa kiti.

Basi mwezi wa Mei ukaja ujumbe kutoka makao makuu. Mwezi wa Juni ni mwezi wa Fahari, yaani wa kuwasherehekea watu wa upinde wa mvua, kila kikundi cha wafanyakazi katika kila nchi kiandae sherehe yenye maana. Waliisisitiza sana hiyo maana. Tukaitwa kwenye mkutano wa video na binti mmoja wa huko, mchangamfu, amekaa mbele ya dirisha lenye mvua. Upande wetu tulikaa watatu: Auntie, mimi, na mweka hazina, ambaye ni dereva wa kampuni, Mganda, Mwislamu, mtu mpole wa kupindukia.

Yule binti alieleza kwa moyo. Angetutumia riboni za rangi zote. Angetutumia mapambo ya keki. Mweka hazina alikuwa anatazama meza kana kwamba ameandikiwa kitu pale. Kisha binti akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama kikundini mwetu kuna yeyote ambaye ni mmoja wao na angependa kusimulia maisha yake, hata bila kuonyesha uso.

Masikio yangu yalishika moto. Nilishukuru Mungu kwa weusi wangu, maana ningekuwa mzungu ningeiva kama nyanya.

Auntie alikohoa. Alimweleza yule binti kwa Kiingereza chake cha hospitali kwamba swali hilo hapa Doha haliulizwi, kwa sababu jibu lake linaweza kumtia mtu gerezani, na kwamba riboni zibaki hukohuko. Binti wa watu akabadilika rangi, akaomba radhi mara kadhaa. Lakini hakuondoka. Aliuliza: sasa tufanye nini? Na hapo Auntie akafanya lile ambalo kila mwenyekiti wa Kenya hufanya asipokuwa na jibu.

"Tutaunda kamati ndogo," akasema. Kisha akanigeukia. "Na kamati ndogo itaongozwa na katibu. Si wewe ndiye umesoma haya mambo ya wafanyakazi?"

Nilitaka kuingia chini ya meza. Katika Doha nzima, mtu aliyepewa kazi ya kuandaa sherehe ya Fahari alikuwa mimi, na hakuna aliyejua kwamba sherehe hiyo ni yangu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura. Mwenzangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Alinishauri nipeleke keki ya kahawia isiyo na chochote juu, nimwambie yule binti kwamba rangi ziko ndani.

Meneja wa ofisi yetu ya Doha alikwisha sema hakuna kitakachofanyika ndani ya jengo, na alisema kweli. Ningeweza kuandika sentensi moja tu, haiwezekani, nikanawa mikono. Lakini yule binti alinipigia tena, safari hii peke yangu, na nilikuwa na hasira naye bado. Nikamwambia yeye anacheza na rangi wakati watu wanacheza na pasipoti zao. Akaniuliza: "Tuseme kuna mtu kama huyo hapo kwenu. Unadhani angetaka nini?"

Nitakuwa mkweli, hasira iliniisha palepale. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza ninataka nini juu ya jambo hilo, wala mimi sikuwahi kujiuliza. Jibu lilinitoka kabla sijalipanga.

"Angetaka kula chakula chake bila kuulizwa ataolewa lini."

Yule binti hakucheka. "Basi fanyeni hivyo," akasema.

Mkutano uliofuata wa kikundi tulipitisha kumbukumbu, tukapitisha yatokanayo, tukanywa karaki, ile chai nzito ya maziwa ya hapa, ndipo nikasimama kutoa pendekezo la kamati ndogo, yaani langu. Nikasema mwezi huu tuwe na Ijumaa moja ambayo mezani hakuna atakayemuuliza mwenzake habari za ndoa, watoto, mshahara, wala atarudi lini kwao kujenga. Atakayetaka kusema, aseme mwenyewe. Asiyetaka, ale. Nikaongeza kwamba sehemu nyingine za dunia watu wanaadhimisha mwezi huu kwa maandamano, sisi tutaadhimisha kwa kufunga midomo.

Kicheko kikalipuka. Mtu mmoja wa kitengo cha kompyuta akauliza, "Aki sasa tutaongea nini? Joto?" Nilitazama upande wa Auntie. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayedai haumwi popote, na alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili. Nikainamisha macho kwenye karatasi zangu.

Aliyeniokoa ni mweka hazina, mtu ambaye katika mikutano huzungumza akitajiwa pesa tu. "Nyabo," akaniambia, kama kwao wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "mimi naunga mkono. Hata mimi hiyo maswali imenichosha."

Auntie akagonga meza. "Imepita," akasema.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilimwambia mwenzangu, Auntie amejua. Akaniambia, hajui, wewe ndiye unajua. Nikamwambia wewe hujaona yale macho. Tuligombana kidogo, tukapatana, nikaamua kwamba nikifukuzwa pale mezani angalau nitakuwa nimeshiba.

Ijumaa yenyewe ilifika na joto lile la Juni linalokupiga kofi ukifungua mlango. Kwa Auntie kulikuwa na pilau, chapati, kuku wa mchuzi na mboga alizoletewa kutoka Kenya na rubani mmoja mwenye huruma. Na kando ya kiti changu, Mungu wangu, alikuwepo injinia. Kijana wa Kisumu, shati limepigwa pasi. Auntie akaninong'oneza mlangoni kwamba alikwisha kumwalika kabla ya kikao, na mgeni hafukuzwi. Nikaketi.

Kilichofuata kilikuwa kimya cha ajabu. Hakuna aliyejua kuzungumza. Sikuwahi kutambua kwamba mazungumzo yetu yote yalikuwa mahojiano. Mtu alifungua mdomo, "Na wewe uta...", akakumbuka, akatia pilau mdomoni. Vijiko vililia kwenye sahani. Yule wa kompyuta alisema kuna joto. Tukakubali wote kwamba kuna joto. Nikaanza kuionea aibu kamati yangu ndogo.

Kisha mweka hazina akaweka kijiko chini, akaanza kusema, na hakuna aliyemuuliza. Alisema yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Miaka mingi. Ndugu walimshauri aoe wa pili, naye hakutaka, kwa sababu mke huyo ndiye rafiki yake. Akasema kila Ijumaa tukimuuliza watoto wangapi, yeye husema Mungu analeta, halafu akifika kwenye gari hukaa kidogo kabla ya kuwasha. Alisema bila kulia, kwa Kiswahili chake kilichoyumbayumba, alipomaliza akachukua chapati. Mimi ndiye niliyelia. Nilijifuta kwa kisingizio cha pilipili. Auntie alizunguka meza, akamwekea paja la kuku kwenye sahani, akarudi kukaa.

Baada ya hapo midomo ikafunguka. Mtu alisimulia ndoto yake ya kufungua duka la maua. Mwingine alisema hataki kurudi nyumbani kamwe, na hakuna aliyempinga. Injinia akatufichulia kwamba hata yeye hataki kuoa sasa, aliletwa na shinikizo la mama yake kwa simu, na kwamba leo ndiyo mara ya kwanza amekula kwa raha. Tulicheka mpaka Auntie akashika mbavu. Mimi sikusema chochote kunihusu. Nilikula. Kwa mara ya kwanza nilikula pale bila kuandaa jibu kichwani, na sikujua kwamba chakula cha Auntie kina ladha nzuri kiasi kile.

Jioni wenzangu walipoanza kuondoka, Auntie aliniita jikoni nimsaidie vyombo. Nikaosha, yeye akikausha.

"Mimi nitakuambia ukweli, mami," akasema mwishowe, mgongo umenigeukia. "Kuna vitu sijaelewa. Na sitakudanganya ati nimeelewa. Nimekaa kanisani maisha yangu yote."

Nikasema, "Ndiyo, Auntie."

"Lakini nimekuwa nikikuwekea wanaume hapo kama mtu anayelisha ng'ombe, na wewe unacheka tu, unacheka tu, kumbe unaumia. Hiyo si kupenda mtu. Hiyo nimekoma."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliishika tu. Alifungua kabati, akatoa mkebe mmoja, akaujaza pilau na kuku. Akatoa mwingine, akaujaza vilevile, na juu yake akaweka chapati mbili zilizofungwa vizuri. Akaniwekea yote miwili mbele yangu.

"Leo hatuulizi, kwa hivyo siulizi," akasema. "Hii ni yako. Hii ni ya huyo unayekaa naye. Mwambie wiki ijayo aje achukue sahani yake mwenyewe hapa mezani, mimi si hoteli ya kupelekea watu chakula." Akanitazama sasa, macho yamelowa na uso umekasirika. "Na asije mikono mitupu. Alete soda."

Yule binti wa makao makuu alinipigia Jumatatu kuuliza ilikuwaje. Nikamwambia tulikula. Aliomba picha kwa ajili ya jarida la kampuni, nikamwambia hakuna picha, na akasema sawa, na nadhani alielewa.

Lakini jioni ile ya Ijumaa nilifika Al Thumama na mikebe miwili, nikaiweka mezani. Mwenzangu alifungua wa kwanza, akafungua wa pili, akaziona zile chapati. Nikamwambia Auntie amesema uje, na ulete soda. Alikaa. Aliufunika uso kwa mikono yote miwili na kukaa hivyo muda mrefu, mpaka nikaogopa. Kisha akaniuliza, huyo Auntie hupenda soda gani.