Sosi Yangu ya Mgando Imemponza Mume Wangu

Admin, jina langu libaki kwako, tafadhali, maana huku tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka 37, nina watoto wanne, naishi Tarime kwenye vijiji hivi vya karibu na mgodi. Mume wangu ni mchimbaji mdogo, ana duara lake, yaani shimo la dhahabu, anachimba na wenzake. Miaka mingi duara lile lilitupa mawe matupu, tukawa tunaishi kwa mahindi yetu na maziwa ya ng'ombe wawili. Mwaka juzi likatema. Nyie mnaosikia habari za dhahabu redioni hamjui inavyoingia jikoni kwa mtu.

Mume wangu hakukimbilia kununua gari. Alianza kuleta vyakula. Kila akitoka Sirari ana soda za katoni, soseji, na kopo kubwa la mayonizi. Hiyo mayonizi ndiyo ilinimaliza. Nilipaka kwenye mkate, nikamwagia kabichi, na siku nyingine, msinicheke, nilichovea ugali. Nikanenepa mpaka mama mkwe wangu wa Nyarero akawa anatembea na mimi sokoni kunionyesha watu. "Mnaona mke wa mwanangu anavyotunzwa?" Huku kwetu unene wa mke ni sifa ya mume, na mimi niliifurahia, sitadanganya.

Halafu siku moja nikaanguka nikichota maji. Zahanati walipopima presha, nesi alipima tena mara ya pili. Ni dada wa kutoka Tanga, ana maneno ya kuchoma lakini roho yake nzuri. "Mama, ukiendelea hivi utapooza. Hao watoto atawalea nani?" Nikamwambia ugali nitapunguza, soda nitaacha, lakini mayonizi siwezi. Akacheka sana, akanifundisha ya kwake. Unachukua maziwa ya mgando yaliyotolewa siagi, unayafunga kwenye kitambaa safi, unaning'iniza yachuje maji mpaka yabaki mazito. Unatwanga punje ya kitunguu swaumu, unakamua limao, unatia pilipili manga, majani ya giligilani na chumvi kidogo sana, unakoroga. Inatoka nyeupe, laini, na ukiimwaga juu ya kabichi na karoti huwezi kuamini kwamba haina mafuta.

Nikawa naning'iniza kitambaa changu nyuma ya jiko, sosi naificha kwenye kopo, maana watoto wakiiona wanalamba yote. Baada ya miezi minne nguo zikaanza kunipwaya. Presha ikashuka. Nilijiona msichana.

Sasa kosa langu ni hili. Jirani yangu, nitamwita Mama Rhobi, aliingia jikoni akanikuta nalamba kijiko. "Hiyo ni nini, mbona unakula kwa kujificha?" Huyu mama akionja kitu kizuri lazima aondoke na bakuli. Uchoyo ukanishika. Tena niliona aibu kusema kwamba mke wa mwenye duara anajinyima chakula. Nikamjibu, "Ni dawa yangu." Neno lenyewe ni hilo tu.

Wiki haikuisha, neno hilo likawa limezunguka kijiji chote. Huku machimboni watu wanaamini ndagu, yaani mtu anakwenda kwa mganga, anamtoa kafara mke wake au mtoto, halafu anapata dhahabu huku aliyetolewa anakauka taratibu. Wakaunganisha wenyewe: duara limetema, mke anakonda, kuna kitambaa kinachuruzika nyuma ya jiko, na mwenyewe amekiri anakula dawa.

Wenzake mume wangu wa duarani ndio walianza. "Mura, sisi hatushuki tena. Ukimmaliza mkeo, utageukia nani?" Duara limesimama mpaka leo. Akaja kaka yangu anayeishi upande wa Kenya, akamwambia mume wangu mbele ya watoto, "Dada yangu akianguka hapa, wewe hutamzika. Tutaanza na wewe, na si mchezo nakuambia."

Nikamwita mama mkwe nimweleze. Nilimwamkia, nikampa kiti, nikamwekea sahani ya kabichi na sosi. "Mama, onja tu. Ni mgando wa ng'ombe wale uliotupatia mwenyewe." Akaficha mikono ndani ya khanga. "Mwanangu, mimi ni mzee, usinifanyie hivyo. Niambie ukweli, amekutoa?" Akalia, na mimi nikalia. Nesi naye alijitolea kuja kueleza, wakasema mgeni huyo amehongwa. Nikitaja presha, wanasema ndivyo ndagu zinavyoanza.

Na hili pia naliungama, linaniuma kuliko yote. Siku moja na mimi nilimuuliza, "Kweli hujaenda kwa mganga?" Mume ambaye hajawahi kuninyooshea hata kidole. Alinitazama mpaka nikatamani maneno yangu yarudi mdomoni. Tangu hapo hali tena chakula akiwa na mimi.

Leo asubuhi ameleta kopo jipya la mayonizi, akaliweka mezani pamoja na kijiko. "Mke wangu, nakuomba unenepe. Kidogo tu, watu waone." Akatoka bila kuniangalia. Nesi ameshasema nikirudia uzito ule, yeye hana la kunisaidia.

Nikila naweza kufa, na nikifa watasema ndiye aliyeniua. Nisipokula, wanaweza kumuua yeye mimi nikiwa hai. Jamani, nimechoka kufikiria. Kopo liko mbele yangu naandika hapa, sijalifungua, naye anarudi jioni. Nishaurini, nishike hicho kijiko au nisikishike?