Herufi Mia Tisa Zilizomtia Mwanatabu Shakani

Kitu cha kwanza anachokiona Mwanatabu anapoingia na ndoo yake asubuhi ni kufuli mpya kwenye friji ya maabara. Jana haikuwepo. Hakuna anayemweleza chochote. Anainama, anaanza kuosha chupa.

Mwanatabu, msichana wa Mtopanga aliyeacha shule darasa la sita, ni msafishaji katika maabara ndogo huko Bamburi. Ndiye aliyepokea langoni kichupa cha DNA iliyoagizwa na maabara na kukitia ndani ya friji.

DNA hiyo ilibeba maelekezo ya kutengeneza protini ya kupimia ugonjwa wa kamba wa kufugwa. Protini yenyewe Gershom, fundi wa maabara, alikuwa nayo tayari. Aliipima, akapata uzito wa daltoni 66,000, kipimo cha vitu vidogo mno.

Akapiga hesabu. Protini hujengwa kwa asidi amino, na kila moja hukadiriwa kuwa na uzito wa 110. Hizo ni kama 600. Kila moja huandikwa kwa herufi tatu za DNA, kwa hiyo alitarajia herufi 1,800. Alipokipima kipande kilichokuja, kilikuwa na 900.

“Mwanatabu, kichupa hiki ulimpa nani?” akauliza mbele ya wenzao.

“Sikumpa mtu, wallahi.”

“Basi ile yetu ya herufi 1,800 imekwenda wapi, tukabaki na hii ya nusu?”

Achieng, karani, akadakia: “Dadangu, usituambie umeipeleka sokoni Kongowea!”

Wakacheka wote. Kesho yake ndipo kufuli ilipoonekana, na mkoba wa Mwanatabu ukaanza kupekuliwa langoni.

“Nikisogea karibu, mazungumzo yanakatika,” ananiambia. “Nikifukuzwa kwa jina la wizi, nani ataniajiri tena?”

Gershom alipoipima upya protini, aligundua kuwa mara ya kwanza alisahau kutia dawa ya kuitenganisha. Protini mbili zilikuwa zimeshikana, naye akazipima kama moja. Kila moja ilikuwa 33,000: asidi amino 300, herufi 900. DNA haikuwa imebadilishwa.

“Yamekwisha,” anasema Gershom. “Mwanatabu ni mtu wetu.”

Hata hivyo, mkoba bado unapekuliwa.

Mwanatabu anataka kubaki kazini. Nikimuuliza kama kweli yamekwisha, anautazama mlango kwanza.

“Aliniuliza mbele ya watu,” anasema. “Kunisafisha, akanifuata jikoni tukiwa wawili tu. Sijamwambia mtu hili: nataka aniombe radhi mbele ya wale wale waliocheka.”