Viatu Vyote Hurudi Guniani

Ko, ko, ko. Nyundo inasikika tangu kona ya mtaa, kabla hujaona kibanda wala mwenyewe. Ni saa moja asubuhi, na fundi viatu, ambaye mtaa mzima unamwita Baba Soli, tayari ana misumari mitatu mdomoni. Mteja analalamika kwamba hajibiwi.

"Sema tu," fundi ananguruma. "Nasikia kwa masikio, si kwa mdomo."

Leo ana haraka. Anampeleka kliniki mkewe, mjamzito wa miezi minane.

Mtoto wao wa kwanza, mvulana wa miaka sita, ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Miaka miwili ya mwanzo vidole vilimvimba, akalia mpaka sauti ikamkauka, na majirani wakanong'ona uchawi. Kipimo cha damu ndicho kilichowafunga midomo.

Wazazi wakaelezwa kwamba wao ni wazima, ila kila mmoja amebeba kinasaba kimoja kizuri na kimoja cha ugonjwa. Nafasi ya mtoto wao kuugua ni moja kati ya nne. Baba Soli akapiga hesabu kama ya gunia lenye viatu vinne, kimoja kibovu: kibovu kimeshatoka, vitatu vilivyobaki ni vizuri. Akamwapia mkewe kwamba mimba hii italeta mtoto mzima.

Mwezi uliopita aliitamka hesabu hiyo kliniki, kifua mbele. Muuguzi hakumcheka. Aliwaomba wote wawili wavue viatu, akapaka chaki kimoja cha kila jozi, kiwe ndicho kinasaba cha ugonjwa.

"Jozi haiendi nzima," alisema. "Mbegu yako hubeba kimoja tu, cha chaki au kisafi, nusu kwa nusu. Yai la mama vilevile. Vya chaki vikikutana viwili, nusu ya nusu, yaani moja kati ya nne, ndipo mtoto huugua."

"Lakini kibovu si kilishatoka?"

"Kila mimba, kaka yangu, viatu vyote hurudi guniani."

Njiani kurudi nyumbani mkewe alimwambia kiapo chake kimeng'oka soli.

"Namshukuru sana yule dada muuguzi," fundi anamwambia mteja sasa. "Angeninyamazia, tungempokea mtoto tumefumba macho. Mkubwa ana dawa, anasoma. Na nafasi tatu kati ya nne si haba."

Mkewe anafika, mkono kiunoni. Anauliza kama leo kuna kiapo kipya.

Fundi anatema misumari kiganjani.

"Mama watoto, uzima wake siuapii tena. Nakuahidi hili: siku atakayozaliwa, kabla hatujampa jina, damu yake itapimwa. Huyu hatalia hata siku moja bila sisi kujua kinachomuuma."